Jinsi ya Kukopa Bila Kukopa: Mwongozo kwa Ofisa Mpya wa Bajeti Kiambu

Hongera kwa kazi mpya. Umepita mahojiano ya bodi ya uajiri, umepewa meza, kiti kinachoyumba na faili la kompyuta lililoandikwa "MAKADIRIO YA MWISHO KABISA (4)". Umeagizwa ukadirie gharama za kuendesha serikali ya kaunti kwa miaka mitatu ijayo, na chini yake ueleze kaunti ina uwezo wa kukopa kiasi gani. Karatasi hiyo inatakiwa mezani pa bunge la kaunti ifikapo tarehe 28 Februari. Leo ni tarehe 25.

Usiogope. Kosa la vijana waliotoka chuo kikuu juzi ni kuanza na mapato. Wanauliza pesa zitakazoingia ni ngapi, ndipo wapange zitumikeje. Ofisi haziendeshwi hivyo. Anza na matumizi, na katika matumizi anza na yale yaliyokwisha kuahidiwa. Shika daftari, mzungukie kila mheshimiwa wa wadi, uandike aliyoyatamka kwenye mazishi na harambee: taa za mulika mwizi za Kiandutu, mtaro wa Githurai, barabara ya Gatong'ora, basari za watoto wa kidato cha kwanza. Jumlisha. Hayo ndiyo maendeleo. Jumla ikipungua asilimia 30 ya bajeti yote, tia barabara nyingine, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka kiwango hicho kisipungue katika kipindi cha muda wa kati. Penda sana maneno haya, "muda wa kati". Hakuna mtu aliyewahi kukutana na siku unapokwisha.

Kisha njoo kwenye mishahara. Kanuni za mwaka 2015 zinasema mishahara na marupurupu visizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Usijaribu kupata hesabu hiyo kwa kuhesabu watu. Kaunti ilipozaliwa mwaka 2013 ilirithi wafanyakazi wa mabaraza ya manispaa ya Thika, Ruiru na mengineyo, ikapokea wauguzi na madaktari waliogatuliwa pamoja na hospitali zao, halafu ikaajiri wa kwake. Nani ni nani, anajua mtu mmoja wa rasilimali watu, naye yuko likizoni. Chukua tarakimu ya mwaka jana uongeze kidogo. Ukivuka 35, andika kwamba "hatua zinachukuliwa". Kaunti nyingi zimeuvuka mstari huo na zote zinachukua hatua.

Kwa mafuta ya magari, chai, mafunzo, posho na warsha za Naivasha, kuna kanuni ya dhahabu: usitazame kilichotumika mwaka jana, tazama kilichoombwa. Kilichotumika ni kidogo kwa sababu pesa zilichelewa. Kilichoombwa kinaonyesha nia. Ongeza asilimia 10 juu ya nia. Ukiulizwa na kamati kwa nini mafuta ya gari lililo juu ya mawe tangu mwaka juzi yamepanda, sema bei ya mafuta duniani haitabiriki. Hilo ni kweli, na wabunge wa kaunti nao wana magari.

Hapa nikuonye juu ya majina ya vifungu, maana jambo lenyewe lilitokea hapa hapa Kiambu. Mwaka 2019 gavana wa wakati huo, Ferdinand Waititu, aliitwa mbele ya kamati ya Seneti kueleza hesabu za mwaka wa fedha 2017/2018. Mkaguzi Mkuu alikuwa ameona kwenye vitabu kwamba kaunti hii ya majani chai na nyumba za kupanga ilitumia pesa kuratibu shughuli za Ikulu, kuwatunza marais wastaafu, kugharimia elimu ya msingi bila malipo, na, bila aibu, kutafuta amani Sudan Kusini. Maelezo yaliyofuata yalikielekeza kidole kwa IFMIS, ule mtambo wa malipo ya serikali, na nambari zake za vifungu. Mimi sina ugomvi na mtambo. Ninachosema ni kwamba kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, soma majina kwa sauti. Ukisikia neno Juba, rudi nyuma.

Sasa ndipo unakuja kwenye mapato. Sehemu kubwa haikuhusu, inatoka Nairobi. Katiba inasema kaunti zote kwa jumla zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, nayo asilimia hiyo hupigwa kwenye hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Taifa, yaani hesabu za zamani kidogo. Seneti huketi kila baada ya miaka mitano kutafuta fomula ya kugawana. Mara ya tatu, mwaka 2020, waheshimiwa walivutana hadi Septemba: wenye watu wengi wakitaka shilingi ifuate kichwa, wenye ardhi pana wakitaka ifuate kilomita. Kiambu ina vichwa 2,417,735 kwa sensa ya 2019, kwa hiyo unajua tulikuwa upande gani. Fomula ilipokubaliwa, mgao wa Kiambu kwa mwaka wa fedha 2021/2022 ukawa takriban shilingi bilioni 11.7. Shika tarakimu hiyo, tutaihitaji tukifika kwenye mikopo.

Mgao ukishautia kwenye lahajedwali, usiuamini. Mwaka 2024 kaunti zilipanga bajeti zikijua zinagawana bilioni 400.1. Juni vijana wakaingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, mswada ukaondolewa, na bilioni 400.1 zikawa 387.4 baada ya mabunge mawili kuvutana kwa miezi. Fedha zenyewe zikishakubaliwa huja kwa awamu, na awamu huchelewa. Katiba inasema zitumwe bila kukawia, na Hazina ya Kitaifa inaiheshimu Katiba kwa namna yake. Kwa hiyo gawanya mgao kwa 12, kisha ukubali kwamba mwaka wa kaunti una miezi tisa, na mitatu ya mwisho huanguka yote katika wiki moja ya Juni.

Yanabaki mapato ya ndani. Hapa ndipo ufundi wako utakapoonekana. Chukua jumla ya matumizi uliyoiandika mwanzo, toa mgao wa taifa na ruzuku za wafadhili. Kinachobaki, hata kiwe kikubwa vipi, kiite "lengo la mapato ya ndani". Basi. Usipoteze usiku kukadiria kitu ambacho kutoa na kujumlisha kumekwisha kukupa.

Kazi yako ni kukitetea tu, na bahati nzuri una Ruiru. Mwaka 2009 mji wa Ruiru ulikuwa na watu 238,858. Mwaka 2019 ukawa na 490,120. Mji umezaa mji mwingine ndani ya miaka kumi. Palipokuwa na mibuni leo pana ghorofa za bedsita kutoka Kimbo hadi Mwihoko, kila roshani imeanikwa nguo na kila ngazi ina jenereta. Mchoree grafu mjumbe wa kamati: mstari wa watu unapanda, mstari wa kodi ya ardhi unapanda nao. Usimwambie kwamba kwa desturi ya miaka mingi nchini, kodi hiyo hupigwa kwa thamani ya udongo mtupu, si ya jengo lililokaa juu yake. Mwenye ghorofa saba zenye wapangaji 60 na bibi aliyepanda sukuma wiki kwenye ploti ya jirani wanaweza kupata bili zinazofanana kama mapacha. Na udongo wenyewe thamani yake husomwa kwenye daftari la ukadiriaji, na madaftari haya hayafunguliwi upya kwa haraka; Nairobi, iliyo jirani na yenye wataalamu wote, ilikaa na la kwake takriban miaka 40. Hapo ndipo mapato ya Ruiru yalipolala. Kuyaamsha kunahitaji wapima ardhi, wathamini, mawakili, na gavana aliye tayari kuwatumia wenye ploti bili mpya mwaka mmoja kabla ya uchaguzi. Grafu ni rahisi zaidi.

Thika ni tofauti kidogo. Ina viwanda, soko la Makongeni, na wafanyabiashara wanaolipa leseni. Zaidi ya yote ina kanjo, askari wa kaunti. Simama asubuhi kwenye barabara ya Kwame Nkrumah uone mapato ya ndani yakikusanywa kwa macho yako. Dereva wa probox ameegesha anunue maziwa, dakika mbili tu, anarudi anakuta mnyororo kwenye gurudumu. Kijana wa koti la manjano anamtajia ada ya kuegesha, kisha faini, kisha ada ya kufungua mnyororo. Dereva anataja jina la mjomba wake aliye ofisi ya kaunti. Kijana anataja jina la mjomba mkubwa zaidi. Mwishowe pesa inatoka. Ikiwa imepita kwenye simu kwa nambari rasmi, ni mapato ya ndani. Ikiwa imepita mkononi, ni mapato ya ndani zaidi.

Hospitali ya Thika Level 5 nayo iweke kwenye jedwali, maana makusanyo ya hospitali huipamba jumla kweli kweli. Sheria ya mwaka 2023 inasema pesa zinazokusanywa na hospitali zibaki hospitalini, zinunue dawa na glavu huko huko. Haikukataza zionekane kwenye ukurasa wako, zikikufanya ufanane na mtu aliyefikia lengo. Ila jedwali lina upofu wake. Mwaka 2025 madaktari wa Kiambu waligoma takriban miezi mitano. Ukiuingiza mgomo kwenye lahajedwali utaona makusanyo yameshuka na matumizi ya dawa yameshuka, mambo mawili yanayokaribia kufutana. Hakuna safu ya mama aliyerudishwa getini usiku. Wala sijui ungeiweka wapi, karibu na chai au karibu na mafuta.

Ukiona utetezi wote huo bado hautoshi, taja jiji. Sheria ya miji ilirekebishwa mwaka 2019, kiwango cha watu wanaotakiwa ili mji uwe jiji kikashushwa kutoka 500,000 hadi 250,000. Thika, kwa sensa ya mwaka huo huo, ilikuwa na watu 251,407. Umeona ilivyopita? Nafasi ya watu 1,407, hata mtaa wa Landless peke yake ungeweza kuijaza. Ruiru ina karibu mara mbili ya hao, lakini Ruiru inalala Ruiru na kufanya kazi Nairobi, na huwezi kuliita jiji jambo linaloondoka kwa matatu saa kumi na moja alfajiri. Andika tu: "Mapato yanatarajiwa kuongezeka Thika itakapopandishwa hadhi kuwa jiji." Hakuna atakayekuuliza lini.

Sasa mikopo, iliyokuleta hapa. Kwa sheria, kila tarehe 28 Februari kaunti lazima iwasilishe mkakati wa kusimamia madeni yake. Kifungu cha 212 cha Katiba kinasema kaunti isikope mpaka serikali ya kitaifa iidhamini na bunge la kaunti liidhinishe. Kanuni za 2015 zinaongeza kwamba deni la kaunti lisizidi asilimia 20 ya mapato yake yote. Kwa mgao wa bilioni 11.7 peke yake, bila kuhesabu mapato ya ndani, hiyo ni bilioni 2.3 na ushee. Kuna pia mkopo mfupi wa kuziba pengo la pesa taslimu: usizidi asilimia 5 ya mapato yaliyokaguliwa na ulipwe ndani ya mwaka. Hiyo ni kama milioni 585, inayotosha kulipa mishahara kwa muda ambao Hazina imezoea kuchelewa, ukiomba Mungu. Na mkopo mrefu ni wa maendeleo tu, haununui mafuta.

Kuna waliojaribu kuifuata njia hii yote mpaka mwisho. Mwaka 2021 Laikipia, chini ya Gavana Ndiritu Muriithi, ilitaka kutoa hati fungani ya shilingi bilioni 1.16 ijenge miundombinu ya miji yake. Ilipita bunge la kaunti, ikaandikiwa Hazina, ikasifiwa kwenye makongamano. Uchaguzi wa 2022 ukafika kabla ya hati fungani, na gavana akaondoka bila kuitoa. Jifunze hapo. Ukitaka dhamana ya serikali, unahitaji hesabu safi, ukadiriaji wa kuaminika kifedha, Hazina iliyo na subira nawe, Bunge lenye muda na gavana mwenye mihula mitatu.

Kwa hiyo kwenye mkakati wako wa madeni andika kwamba kaunti haina mkopo wowote na haina mpango wa kukopa. Bunge la kaunti litapiga makofi. Kisha geuza ukurasa ukope.

Unakopa kwa nani? Kwa mzee anayeuza vifaa vya ujenzi pale Thika. Hana dhamana ya Hazina, hajawahi kusoma kifungu cha 212, na Bunge halikuombwa idhini. Amepewa barua ya kuagiza bidhaa, LPO, yenye mhuri wa kaunti: alete makalvati na saruji ya mtaro wa Githurai. Kwa kuwa pesa taslimu hana, ameichukua LPO hiyo benki, na benki imemwambia karatasi ni nzuri lakini ilete na hatimiliki. Akaiweka ya ploti yake ya Kimbo, ile aliyokuwa amwachie kijana. Makalvati yakaja. Kamati ya ukaguzi na upokeaji ikayagonga kwa kidole, ikasaini. Ankara ikaandikwa. Vocha ikatayarishwa. Ikaingia IFMIS. Ikangoja maombi ya fedha yaende kwa Msimamizi wa Bajeti, Dkt Margaret Nyakang'o, ambaye hawezi kuidhinisha kutoa pesa ambazo hazijaingia. Ikangoja. Tarehe 30 Juni saa sita usiku mwaka wa fedha ukafungwa ikiwa ndani.

Kuanzia dakika hiyo mzee si mgavi tena. Ni mkopeshaji wa kaunti. Lakini tazama uzuri wa masharti yake. Mkataba wa mkopo hakuna. Riba kaunti hailipi, mzee ndiye anayelipa riba benki kila mwezi kwa niaba yetu. Na kwa vile alitoa ankara, Mamlaka ya Mapato inamdai VAT ya asilimia 16 ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, alipwe asilipwe. Amekopesha kaunti makalvati, na amekopesha taifa kodi ya makalvati ambayo hajalipwa. Hakuna benki ya maendeleo duniani, si Washington si Abidjan, itakayokupa masharti kama haya.

Katika makadirio deni hili haliitwi deni. Linaitwa "bili zinazosubiri", na kwa kuwa zinasubiri, hazigusi ule ukomo wa asilimia 20. Ukomo huu mwingine unapimwa kwa subira ya wafanyabiashara. Ufike wapi? Kufikia tarehe 30 Juni 2024 bili zinazosubiri za kaunti zote 47 zilikuwa takriban bilioni 182, karibu nusu ya mgao wote wa kaunti wa mwaka huo, uliokuwa bilioni 385.4. Nairobi peke yake ilishika zaidi ya nusu ya deni hilo. Lisikukatishe tamaa. Nairobi ni jirani yetu, barabara kuu ya Thika ina njia nane mahali pengine, na uzoefu husafiri.

Fomula basi ni hii. Hesabu wagavi wako. Toa waliokwisha kwenda mahakamani, hao subira imewaishia. Toa wenye jamaa serikalini, hao hulipwa wiki ile ile na huitwa "malipo ya kipaumbele". Waliobaki wazidishe kwa idadi ya miezi ambayo mtu anaweza kupanda ngazi za ofisi bila kutukana. Mwenye duka la vitabu vya shule ni mwaka mmoja. Mwenye tipa ni miezi minane kwa sababu tipa ina mkopo wake. Mama anayepika chakula cha semina huvumilia sana, ila ana watoto wengi wa kwenda shule Januari, kwa hiyo Januari usimpitie karibu.

Mazungumzo nayo yana utaratibu wake. Mzee ataingia, kofia mkononi, na kukuita mkubwa ingawa ni rika la baba yako.

"Mkubwa, ile faili yangu imefika wapi?"

"Mzee wangu, iko kwa mtambo."

"Ilikuwa kwa mtambo Desemba."

"Ilitoka, ikarudi. Kulikuwa na nambari ya kifungu haikukaa vizuri. Rudi Jumanne."

Usimtajie tarehe, mtajie siku. Jumanne huwa inarudi kila wiki, tarehe ikipita imepita.

Ikitokea subira imekwisha kwa wengi kwa pamoja, una njia moja ya kuiongeza, nayo ni uhakiki. Kumbuka kwamba tangu 2013 Kiambu imepata magavana wanne: William Kabogo, Waititu, James Nyoro na Kimani Wamatangi. Katika kaunti nyingi gavana mpya huunda kamati ya kuhakiki madeni ya yule wa zamani, na sababu za haki zipo. Ukaguzi maalum wa bili za kaunti hadi Juni 2018 ulipata kwamba kati ya takriban bilioni 89 zilizodaiwa, ni kama bilioni 51 tu zilizokuwa na stakabadhi za kutosha. Kuna walioleta hewa na kudai makalvati. Lakini kwa makadirio yako uhakiki una faida nyingine: wote wanaanza upya, wa hewa na wa saruji, kwenye foleni moja. Mzee atatakiwa kuleta nakala ya LPO, ya ankara, ya barua ya kupokea bidhaa iliyosainiwa na mtu aliyestaafu, na picha ya mtaro. Mtaro umejaa taka siku hizi, picha haionyeshi makalvati, kwa hiyo ataambiwa alete mtu wa kuuchimbua.

Halafu, na hili litakushangaza mwaka wa kwanza tu, mzee huyo huyo atakuja kuchukua fomu ya zabuni mpya. Usidhani amechanganyikiwa. Anajua anayeacha kuleta bidhaa husahaulika na faili lake, na anayeendelea kuleta hupata sababu ya kuingia jengoni. Kwa hiyo mkopo wako mpya unadhaminiwa na mkopo wako wa zamani, na uwezo wa kukopa wa kaunti unakua kadiri inavyozidi kutolipa. Weka hiyo kwenye grafu ya pili, rangi ya kijani. Akiingia ofisini mkaribishe kiti, kile kisichoyumba, umwagizie chai. Anayeleta chai naye anadai tangu Machi.